Maana ya Jina Letu

Thorncliffe Park,
Toronto.
20 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Hazel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepata nafuu. Sisi hatujambo, ila baridi haijatuachia.

Asante kwa kusimamia misa ya mwaka mmoja wa baba huko Moshi. Nilipoiona picha ya kaburi, jina Lancelot Doyle likisomeka vizuri kabisa, nililia, kisha hasira ikanipanda.

Kuna jambo hukuambiwa. Mwaka aliofika huku, baba alikwenda North York, hapa hapa Toronto, kwa Sean, mtoto wa ndugu yake babu, yule Mwairishi aliyekuja Moshi, akiwa na cheti chake cha ubatizo mkononi. Sean hakumkaribisha ndani. Alimwambia, "Hakuna Doyle mweusi." Baba alinisimulia wiki ile aliyofariki.

Basi Jumatatu, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, Sean alizindua kitabu cha historia ya ukoo katika ukumbi wa parokia. Nikavaa vizuri, nikakaa mstari wa mbele. Babu yumo kitabuni. Wewe na baba hammo.

Wakati wa maswali nikasimama. "Naitwa Nicole Doyle. Jina letu maana yake nini?"

Akasema tu ni jina la kale sana, akataka kumpa mwingine nafasi. Binti yake Karen, akidhani mzee amesahau, akafungua kitabu na kusoma kwa sauti: Doyle kwa Kiairishi ni Ó Dubhghaill, yaani uzao wa mgeni mweusi.

Sean akaanza kueleza kwamba walioitwa hivyo zamani ni wavamizi kutoka Denmark. Ni kweli, nilikwisha kusoma. Sikumsaidia. Nikawasimulia ya mlangoni, neno kwa neno.

Karen akamwuliza, "Baba, ulisema hivyo?"

Sean akaanza kupanga vitabu mezani. Karen akachukua koti lake akatoka, na watu wengi wakamfuata bila kununua kitabu.

Jana Sean alinipigia simu, analia. Atachapisha upya, anataka picha yako na ya baba. Nimemkatalia. Najua padri wako atasema nisamehe. Labda mwakani, Shangazi. Wiki hii nimelala usingizi mtamu ambao sikuupata tangu msiba.

Sean akikuandikia, usimjibu.

Nisalimie Yvette na wanawe, na Mama Noorbanu jirani. Mungu akupe miaka mingi yenye afya.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Nicole Doyle