Labeka kwa Kwale

Shoga yangu Riziki,

Nikikusalimu hutaitika, basi naanza na habari. Mpunga wa Bumbwini umeanza kubeba, na mimi nimerudi bondeni kuamia ndege, kuwafukuza minana wasiule. Peke yangu. Ni msimu wa kwanza tangu homa ile ikuchukue, na neno hilo "peke yangu" sijalizoea kuliandika.

Dungu lako limeanguka, nguzo zake watu wamezifanya kuni. Shamba kapewa shemeji yako Haji, naye hana haja ya kukaa juu ya kichanja kama sisi. Amefunga madebe kwa kamba. Akiivuta, minana wote wanaruka. Si mtu mbaya. Ila hana maneno, shoga. Tangu asubuhi mpaka jua linakuchwa nasikia madebe tu. Mimi niliyekuwa nikikwambia, "Hebu nyamaza, n'shachoka kucheka," sasa nausemesha mpunga.

Kile kipande cha majani marefu baina ya shamba lako na langu bado kipo. Nakuona ulivyosimama mbele ya wanaume, kanga umeifunga kiunoni, siku waliyokuja na mapanga kuyafyeka. "Wa juu tunawafukuza, wa chini tuwaache. Kwale hapandi suke la mtu!" Wakakucheka, lakini waliondoka. Na mwaka ule kwale walitaga, ukaniita nije kuviona vifaranga vinavyokimbia nyuma ya mama yao, nikaacha mpunga wangu ukaliwa na minana, wala sikujali.

Kwale huitana wawili wawili, mmoja anaanza na mwenziwe anamalizia. Wewe ukajifunza kuwaigiza. Ulipochoka kuniita jina ulijifanya kwale juu ya dungu lako, nami nikaitika "Labeka!" kutoka kwangu, kwa kuwa ulinizidi umri na mama hakunilea bila adabu. Ulicheka mpaka dungu likatikisika. Ikawa ndiyo ada yetu, na mpaka leo kwale akilia, mdomo wangu unaitika kabla sijaufunga.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni Darajani. Napita kwa wauza kuku na kikapu changu, mara kwale akalia. Nikasema, "Labeka!" Kwa sauti, Riziki, katikati ya watu! Muuzaji akaangua kicheko. "Bibi, waitika kitoweo?" Kumbe kwale yumo ndani ya tenga pamoja na kuku, miguu imefungwa. Nikauliza katoka wapi. "Bumbwini," akanambia. Sikuwa na cha kumnunulia. Nikageukia ukutani nikalia, na sikuwa nikimlilia ndege peke yake.

Niliporudi niliingia kwenye majani yetu nikakuta mitego ya kamba. Nimeikata yote, na kila asubuhi nazunguka kuitafuta mingine. Lakini tangu siku hiyo anayelia ni mmoja. Anaanza, ananyamaza. Wa kumalizia hayupo.

Kisha Haji akaja na kibiriti. Anataka kuchoma majani apande mpunga, na siwezi kumlaumu. Ana watoto, na mchele siku hizi unapangiwa foleni. "Bi Mize," akanambia, "watu hawana mchele, wewe wafuga majani?" Nikamwambia humo mna kwale. "Mmoja! N'shamsikia, ni mmoja tu."

Msemaji ulikuwa wewe. Basi nikampa pembe ya chini ya shamba langu, ile inayoshika maji hata jua likiwa kali, ili majani yabaki. Akatia kibiriti mfukoni. Binti yangu ameninunia mpaka leo. Anasema nimetoa wali wetu kwa ajili ya ndege, na ni kweli nimetoa. Ningemjibu nini? Kwamba majani yale yakiungua, hakuna tena katika bonde hili zima atakayeniita?

Jana jioni nakusanya vitu vyangu nirudi nyumbani, kwale akaita. Akanyamaza. Nilijua si wewe, akili zangu zimo. Nikajaribu kummalizia kama ulivyokuwa ukifanya, ikanitoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Hakulia tena, nadhani nilimtisha. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikageuka kutazama lilipokuwa dungu lako, nikwambie. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Majani yako nitayalinda yasiguswe na moto wala panga maadamu naweza kupanda dungu. Mwakani pengine atakuja kwale mwingine, naye atajua kumalizia. Mpaka hapo, huyu mmoja akianza, nitamjibu mimi, kwa sauti yangu hii hii mbaya.

Mola akulaze pema, Riziki. Nina hamu nawe sana.

Labeka, shoga.

Mize