Kadena ya Chumba ya Kimya

Jumanne, kisha ya chakula ya mangaribi

Hasira haijashuka hata sasa.

Ile dépôt ya kuwekea benchi za shule tuliisafisha sisi wenyewe, walimu wa wadogo, tukatandika mukeka na kuweka pazia nzito kwa dirisha, ili Nsimire na watoto wengine wenye autisme, ile usonji, wapate pa kupumua makelele ikiwazidi. Leo kwa récréation, saa ya kupumuzika, watoto wakubwa walianza kujifunza ngoma za fête ya shule. Nsimire akaziba masikio na kuondoka. Kila siku tunamushika mukono kumupeleka kwa ile chumba. Leo alijipeleka mwenyewe mpaka kwa mulango.

Mulango ilikuwa imefungwa na kadena, kufuli ya nje. Ndani, wavulana wawili walikuwa wanagonga, wanalia wafunguliwe. Maître Déo wa darasa la sita aliwafungia mule kwa sababu walipigana.

Nsimire akarudi mbio darasani, akaingia chini ya benchi, akalia mpaka mama yake alipokuja kumuchukua.

"Lakini madame, ile chumba si iko ya kutuliza batoto?" Maître Déo aliniambia. "Na bale pia walihitaji kutulizwa."

Hakusema kwa ubaya.

Wavulana walipofunguliwa, nikaomba tournevis, bisibisi, kwa sentinelle anayelinda shule, nikatoa kwa mulango vyuma vyote viwili vya kushikia kadena.

Naogopa Nsimire hatakubali tena kuingia mule. Inawezekana. Kesho kwa récréation nitaketi mule mimi mwenyewe, bila viatu, mulango wazi, anione.

Vile vyuma viko ndani ya sakoshi yangu. Mwenye kuvitaka aje aniombe, na aniambie ni mutoto gani anataka kufungia.