Kengele ya Zamani, Rangi Mpya

Jumatatu, 4 Agosti

Salamu, daftari langu. Hujambo huko chini ya godoro? Mimi mzima, Bwana asifiwe, isipokuwa goti. Nimeshona sketi za kwaya tangu asubuhi. Nilipotoka kununua uzi nikapita kibanda cha mkwe, mume wa Faith wangu. Anatengeneza simu na kuuza gemu. Nikaona picha ya gemu ukutani. Moyo ukaruka. Ni wao! Mashujaa wanne wanaotafuta kengele ya mji wao. Rangi mpya, nyuso zilezile.

Nikiwa msichana nililinda duka la vidio kule Lumakanda. Asubuhi wateja hakuna, mimi nacheza. Nilikuwa nafika mbali, kisha stima inapotea, mashine inazima. Mashine ile haikuwa na pa kuweka safari yako. Unarudi mwanzo. Kengele yenyewe sijawahi kuisikia.

Sikusimama. Pale kibandani pana benchi moja, na mimi na mkwe hatukai benchi moja. Hata mkono hatushikani. Ndivyo tulivyolelewa. Nikainamisha macho, nikapita mbio.

Jumatano, 6 Agosti

Faith amekuja, uso umenuna. Kumbe mumewe aliniona nikipita. Anadhani namdharau. Anadhani kwa mama wa kanisa kama mimi gemu ni kazi ya shetani. Jumapili ya tarehe kumi na saba tumewaalika kula. Mumewe amesema Faith aje peke yake.

Nimeumia. Nampenda yule kijana. Anamchekesha binti yangu. Nimemwambia Faith amwambie hivyo. Akajibu, "Mama, nikisema mimi atajua namfariji tu."

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeomba. Wazo likaja nikiosha vyombo. Nitanunua ule mchezo. Kwake, mchana, watu wakiona. Anayedharau duka hanunui humo.

Lakini bei yake, woi. Ni bei ya jogoo na kuku wake. Baba Faith anasema huo ni uji wa jana umepashwa moto, unauzwa kama wa leo.  Tena mmoja wa mashujaa ni mchawi. Hilo nimelipeleka kwa Bwana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimecheka hadi mbavu zinauma! Nilikaa kwa Truphena anayekaanga mandazi. Ukuta wa mabati tu kati yake na mkwe. Mimi nikamwambia Truphena, Truphena akapiga kelele.

"Mkwe! Mama anauliza, huo mchezo wa kale una faida gani kununua tena?"

"Mwambie asinunue."

"Wewe! Unafukuzanga wateja hivyo?"

"Mwambie kama ni kukumbuka tu, akumbuke bure. Wamepaka rangi, wameongeza muziki, hadithi ni ileile. Kwa rangi peke yake, hiyo bei ni wizi."

Nikafurahi. Mkwe wangu hadanganyi hata akiwa na njaa. Nikamwambia Truphena amuulize, je, kama mtu hakufika mwisho?

"Alizuiwa na nini?"

"Stima," nikasema mwenyewe. Ikanitoka.

 Mkwe akacheka, cheko la tumbo. "Basi mwambie anunue leo. Huu unajiweka wenyewe. Stima ikipotea, anaendelea palepale."

"Nyinyi watu mnasikiana!" Truphena akalia. "Mandazi yangu inaungua!"

Nikanunua. Aliufunga kwa gazeti, akauweka juu ya jiwe nje, akarudi ndani. Ndipo nikauchukua. Nyuma ya mabati nikasikia, "Mwambie mama safari njema."

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nimewasha mashine aliyotuachia Faith alipoolewa. Mchawi nimempa jina Shemasi. Sasa anaponya watu na dhamiri yangu imetulia. Baba Faith bado anasema ni uji wa jana. Lakini amevuta kiti.

Jumanne, 12 Agosti

Stima ikapotea katikati ya daraja la mto. Nikapiga ukemi. Iliporudi, tuko palepale, darajani, wazima wote wanne! Nikaimba pambio nikiwa nimeshika padi ya kuchezea. Umri huu wote nimeingoja hiyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Joka la mtoni limenishinda. Faith anabeba ujumbe kati yangu na mkwe, lakini hajui ngao wala upanga. Mkwe akisema maji, kwangu inafika moto. Nimekufa tena. Nimeunguza sketi ya kwaya kwa hasira. Je, atakuja Jumapili? Faith anasema hajakubali, hajakataa.

Jumapili, 17 Agosti

Amekuja!

Ameketi barazani, mgongo kwa dirisha, kama inavyopasa. Mimi sebuleni mbele ya runinga. Dirisha wazi. Nikaogopa kuanza. Nikaanza. Muziki wa joka ukalia, na mkwe, bila kugeuka, akaujua.

"Mama, Shemasi kwanza! Mpe Shemasi maji!"

Nikampa.

"Usipige sasa. Ngoja angurume. Ngoja... piga! Piga, mama!"

Nikapiga. Baba Faith alikuwa amesimama juu ya kiti, mzee mzima. Joka likaanguka mtoni. Mkwe akapiga ukuta kwa nje, mimi nikapiga kwa ndani. Haleluya. Tumepigana vita pamoja na adabu haikuvunjika.

Tukapakua obusuma, ugali wetu, na kuku. Firigisi hapa ni ya mwenye nyumba. Baba Faith aliichukua kwenye sahani yake, akaibeba mwenyewe hadi barazani. Faith akaingia jikoni kulia. Nikamwacha alie, ni kilio kizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

Mvua. Nimeshona sketi nyingine badala ya ile niliyounguza.

Jioni nimepanda kilima na mashujaa wangu. Mlango wa mnara wa kengele uko mbele yetu. Kitufe kimoja tu. Nimeweka padi chini.

Kwa rangi, hapana, haifai bei ile. Mkwe alisema kweli.

Nimemwomba Faith nambari ya mumewe. Sijawahi kumwandikia. Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Nimetuma hivi: "Mkwe, shalom. Nimefika mlangoni. Sifungui mpaka uwe barazani. Nijibu upesi."