Dawa ya Kupe Kwenye Managu Yangu

Langas,
Eldoret.
16 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Nabwire,

Pokea salamu tele kutoka kwa bibi arusi wa miezi minne. Joto la Doha linakutendeaje? Na goti lako? Huku baridi ni kali, lakini mimi nina Kipkoech. Shangazi, mwanamume huyu! Kila asubuhi ananiletea chai kitandani. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Lakini leo nina hasira, na nitakueleza mpaka mkono uchoke.

Zile mbegu za mboga ya managu ulizonipa siku ya harusi nilizipanda nyuma ya nyumba, pamoja na sukuma, nyanya na malenge. Nilifuata ulivyonifundisha. Vidukari walipojaa chini ya majani ya sukuma, niliwaosha kwa maji ya sabuni. Nyanya ziliposhikwa na ugonjwa, nilikata majani yenye madoa nikayachoma. Kisha wakaja wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Niliwaona wakila vidukari mmoja mmoja, nikawaacha wafanye kazi. Jioni Kipkoech alichuchumaa nami kuwatazama, mashavu yetu yakigusana.

Jumamosi mama mkwe, Mama Jepkosgei, alikuwa anakuja kula kwangu mara ya kwanza. Unajua watu wa Kipkoech walivyokuwa wakiulizana: huyu Mluhya ataweza kupika managu ya maziwa kama sisi? Nilikuwa nimeahidi managu ya shamba langu mwenyewe.

Alhamisi nikaenda sokoni. Kimeli, mdogo wake Kipkoech, akaja kutoka kwao Plateau na pampu ya kunyunyizia ng'ombe. Shangazi, alinyunyizia bustani yote dawa ya kupe! Dawa ya ng'ombe, kwenye mboga! Niliporudi, harufu ilinipokea langoni. Wadudu wangu wekundu walikuwa chali. Nyuki walikuwa wamefia ndani ya maua ya malenge.

"Shemeji, nimekusaidia," alisema akicheka. "Kupe ni ngumu kuua kuliko hao."

"Na watu je, Kimeli?"

"Si uoshe na maji tu? Hata sisi nyumbani tunafanya hivyo."

Na Kipkoech wangu ndiye aliyemfungulia lango! Eti alidhani ni maji ya sabuni. Sikumsemesha mpaka Ijumaa jioni. Aliniletea maua, nikamwambia maua yangu yako nyuma ya nyumba, yamejaa maiti.

Niling'oa kila kitu nikarundika kando. Jumamosi Mama alifika na kibuyu cha maziwa ya mursik, Kimeli akiwa nyuma yake, nami nikamwandalia ugali na kabeji ya kununua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, huyu anaogopa dawa," Kimeli akasema. "Ameng'oa mboga nzuri bure."

Nikamweleza Mama yote. Akamgeukia Kimeli.

"Kwani ni nzuri?"

"Nzuri kabisa, Mama."

"Musimbi, mpikie shemeji yako hizo mboga, sahani kubwa. Sisi tutakula kabeji."

Kimeli akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kukamua. Saa saba mchana!

Mama alimaliza kabeji yake, akavua viatu, akaniomba jembe. Tulichimba shimo mbali na kisima tukazifukia mboga zote, yeye na mimi.

Kipkoech ananibembeleza nimsamehe ndugu yake. Bado. Kila asubuhi naenda nyuma ya nyumba kutafuta mdudu mmoja tu mwekundu. Hakuna hata mmoja.

Nisalimie wanao Linah na Byron. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye, hata leo nikiwa nimefura,
Musimbi