Toussaint na namba sita wa bukweni

Joëlle weee! Acha sombe ichemke, soma hii kwanza. Kaka yangu Toussaint ametuaibisha bukweni!

Unajua leo tulienda kwa akina Hélène, muchumba wake, kujitambulisha. Njiani Mama alimuapisha: "Usiongee mupira!" Maana yule namba sita wa timu yetu, anayecheza mbele ya mabeki, njo kaka ya Hélène mwenyewe, Prospère.

Sasa baba yao, Papa François, akauanzisha huo mupira yeye mwenyewe: "Siku hizi Prospère hakabi tena. Ao unaonaje, mutoto wangu?"

Toussaint angejibu tu "Sijui, Papa." Wapi! Akapanda moto: "Papa, yule ni mulango wazi! Watu wanapita kama wanaenda soko!"

KAMA WANAENDA SOKO, Joëlle! Na Prospère amesimama nyuma yake, sahani ya kuku mukononi!

Hélène akainamisha kichwa.

Prospère akaweka sahani, akapanga chupa za sucré, zile soda za wageni, mezani. "Shemeji, mimi njo huyu wa katikati. Wenzangu hawa wawili wanapanda, hawarudi. Watu watatu wananijia. Ungefanya nini?"

Toussaint akaziangalia zile chupa mpaka jasho likamutoka. Akasema polepole: "Kumbe wanakuacha peke yako. Unisamehe, shemeji."

Prospère akacheka, akamupa paja la kuku. Ndipo tukapumua.

Hélène tumepewa! Lakini mahari imeongezeka mbuzi mumoja, na aliyemuomba huyo mbuzi njo Prospère.