Pini za Yaya Léocadie

Yolande, acha unachofanya usome hii.

Leo bosi ametukusanya mafundi wote hapa karakana ya kushona nguo ya Jeppestown, akatuonyesha filamu ya zamani kwenye simu. Wanawake wa wakati wa vita, wako kiwandani wanashona parachuti za askari, wanacheka tu.

Yaya Léocadie, dada yetu mkubwa hapa kazini, akaiangalia mara mbili. Akamwambia bosi, "Midomo yao inatembea, lakini anayeongea ni mwanaume. Wao walisema nini?"

Sauti ya mwanaume mmoja tu, Yolande. Eti wana furaha, hawachoki.

Bosi akasema hiyo ni filamu tu. Kumbe mpiga video wa tangazo la karakana yuko mlangoni, anataka na sisi tucheke kwenye cherehani huku tunaongea.

Yaya akamuuliza tuongee nini. Akajibu chochote, sauti wataweka wao baadaye.

Wataweka wao. Eish.

Yaya hakubishana. Alichukua pini zake akazibana kwenye midomo, vile tunafanya tukimpima mteja nguo. Bosi anamwambia, "Cheka kidogo, mama." Yaya anamwonyesha pini.

Tukaangaliana, kila mmoja akabana pini zake mdomoni. Mpiga video sasa anakunja nyaya zake, na mimi nakuandikia pini zangu zikiwa bado mdomoni.