Barua Niliyoiandika kwa Jina Lako

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha mbele,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana hii ya pili naitoa nimepiga magoti. Natumaini unaisoma ukiwa mzima, mgongo umepoa, na ile mashine ya kukunja mashuka uliyosema inawabana vidole huko mnakofulia nguo za hospitali imeshatengenezwa. Mkaza mjomba hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Sisi huku tunaendelea. Presha ya mama imetulia. Macho ndiyo yale yale, anauona mlango lakini haoni tundu la ufunguo.

Utaona barua hii haina yale maneno yake ya "mwambie hivi" na "umeandika au umesinzia?" Tangu nina miaka kumi mkono umekuwa wangu na maneno ya mama. Leo maneno ni yangu mwenyewe, ndiyo maana yanatoka kwa shida. Nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie kwenye simu leo leo, karatasi zenyewe zifuate kwa posta. Ningeweza kukupigia, lakini nakujua. Ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, mimi ningeshukuru mbio mbio nikakata simu, na wewe ungebaki hujui kinachokuja.

Basi nisikuzungushe. Kuna watu wa ofisi ya viza watakupigia. Watakuuliza kama uliandika barua ya kunialika huko. Hukuandika. Niliandika mimi, kwa jina lako, na sahihi yako nikaiweka mimi.

Ilianza kama mchezo. Pale karakana ya friji kazi ilipungua, na mimi si unanijua, mikono ikikaa bure kichwa kinaanza kukimbia. Nikaingia kwenye simu kutafuta nchi zinazotoa viza ya kazi bila kumsumbua mtu. Yaani nilisoma, Mjomba! Nilisoma mpaka masharti ya nchi ambazo sijui ziko upande gani wa dunia. Kulikuwa na mlango wa friji mbovu umeegemea ukutani, mweupe, safi, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaufanya ubao. Nchi kumi na moja, kutoka nyepesi mpaka nzito. Juu nikaandika "Rahisi", katikati "Jaribu", chini kabisa "Endelea Kuota".

Watu wakaanza kuja. Msusi aliyepanga chumba cha pili hapa nyumbani alikuwa anafika kila asubuhi na kitana chake kichwani: "Balozi, leo nchi gani imeamka vizuri?" Akaja dereva wa lori, akaja mwalimu wa chekechea. Hata fundi mwenye karakana, ambaye tangu nianze kazi hajawahi kuniuliza kitu zaidi ya "gesi imebaki?", akaniuliza kama nchi ya tano wana friji. Jina la Balozi likanivimbisha. Mtu asiye na cheti hata kimoja, niliyejifunza kazi kwa kufumua friji zilizokufa, watu wazima wananisikiliza! Nikaona mimi ndiye.

Lakini kila nchi ilikuwa na lake. Ya kwanza haikutaka chochote, si cheti, si lugha, si karatasi ya daktari. Nikamwonyesha msusi kwa furaha. Akaitazama, akasema, "Nchi isiyouliza kitu mimi siendi. Hata mimi mteja akikaa tu namuuliza nywele zake zilipakwa nini." Nikaikata. Ya pili ilitaka watu wa kwenye meli za samaki, na mimi hata bembea inanitapisha. Ya tatu ilitaka cheti. Ya nne cheti. Ya tano ilitaka lugha yao, nikajifunza wiki mbili, nikajua kuhesabu mpaka tisa.

Nchi yako ilikuwa ya kumi na moja, Mjomba. Ya mwisho, chini ya "Endelea Kuota". Halafu nikaona mstari mmoja mdogo kwenye masharti yao: mwenye ndugu wa damu anayeishi kule kihalali, akamwalika na kukubali kumpokea, hadaiwi cheti, na maombi yake yanatangulizwa. Nikachovya kitambaa kwenye petroli nikaifuta kule chini, nikaiandika juu kabisa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia fundi na mafuta yake yote.

Sasa hivi ndiyo naona nilichofanya. Nilikuwa nimeandika nchi ni rahisi. Nchi haikuwa rahisi hata kidogo. Aliyekuwa rahisi ni wewe.

Utauliza kwa nini sikukuomba. Hapa ndipo uso unaniungua, na nimeshaanza sentensi hii mara tatu. Kwenye barua yako ya Desemba uliandika kwamba mwaka huu karatasi zako za kuishi huko zinaangaliwa upya, kwamba wanachungulia kila kitu, mpaka wageni uliowadhamini, na kwamba tukuombee. Macho yangu yaliusoma mstari huo. Mdomo wangu ukauruka. Mama alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani kama anavyokaa siku ya barua zako, nami nikaendelea na habari za mapacha. Nilijiambia namhurumia presha yake. Uongo. Nilijua angesikia angesema, "Mwaka huu mtu asimwombe ndugu yangu hata sindano," na hapo safari yangu ingekuwa imekwisha.

Basi nikanyamaza, nikajifunza sahihi yako kwenye maboksi ya friji mpaka ule mkia wake ukakubali kupinda. Barua yenyewe haikunipa shida. Sauti yako naijua, nimeisoma kwa mdomo huu nusu ya maisha yangu.

Tena niliijua kupita kiasi. Ile ofisi ya viza nilikoipeleka ina kioo chenye tundu chini, lazima uiname ndipo usikike, kwa hiyo kila mtu anaongea kama anaomba radhi. Mama wa dirisha namba nne akaisoma barua polepole, akavua miwani, akaniangalia.

"Mjomba wako ananifahamu?"

"Hapana, mama."

"Mbona ananiuliza nimeamkaje? Anaulizia na wanangu kama wanasoma vizuri."

"Ana adabu, mama."

"Naona. Mstari wa kukualika nimeukuta ukurasa wa pili." Akaigeuza. "Na hapa anakusifu kwamba wewe ndiye unayemsomea dada yake barua. Watu wenye adabu hivi huwa tunapenda kuwasikia sauti. Tutampigia."

Mjomba, nilikuwa nimeandika barua ya ofisini kama unavyomwandikia mama! Salamu kwanza, afya, watoto, ndipo shida. Sijui namna nyingine ya kuandika kama wewe. Na unajua nilijibu nini? Nilisema asante. Nimeshikwa, na bado nasema asante.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nauona ule mstari wa Desemba, na mtu wa ofisi amekaa mezani ana faili lako mkono huu na uchafu wangu mkono ule. Nikaingia, nikaichukua barua yako kabatini, nikamwambia mama kuna mahali sikumsomea. Nikasoma.

Akasema, "Isome tena."

Nikasoma tena. Kisha nikamweleza yote, mlango wa friji, sahihi, dirisha namba nne. Hakufoka. Heri angefoka. Alishika ukingo wa meza, akauliza, "Na zile barua nyingine, ulikuwa unaruka nini?"

Mjomba, sikuruka kitu kingine. Naapa. Lakini atahakikishaje, na macho yale? Niliapa mbele yake, naye akaitikia kama mtu anavyomwitikia muuzaji.

Jumatano nilirudi pale dirishani. Nikasema naondoa maombi. Yule mama akaniambia maombi yanaondoka, barua haiondoki, imeshaingia kwenye faili. Nikaomba karatasi, nikaandika kwamba barua niliiandika mimi peke yangu, wewe hujui, na sahihi si yako. Nikaweka sahihi yangu na dole gumba. Akaigonga muhuri, akanipa nakala, naiambatisha hapa uitunze. Kwangu mimi nchi hiyo imefungwa miaka mitano. Nikamuuliza, kwa hiyo hamtampigia tena? Akasema, "Tutampigia. Tunataka kujua kama alijua."

Hilo ndilo linalonifanya niandike hivi. Nakujua. Siku ile nilipovunja kioo cha jirani ulitoka nje ukasema ni wewe, ukawa unatafuta na jiwe la kuonyesha. Wakikupigia utasikia jina langu, na moyo wako utataka kusema, "Ndiyo, niliandika, ni mpwa wangu huyo." Nakuomba kwa jina la mama, usiniokoe. Ukisema uliandika, karatasi yangu yenye muhuri itasema wewe ni mwongo, na hapo mapacha wanatolewa shuleni na miaka yako kumi na minne ya mashuka ya watu inafungwa kwenye sanduku. Sema, "Sikuandika, sikujua." Basi. Usiongeze hata kwamba mimi ni kijana mzuri.

Ubao nimeufuta. Fundi ameufunga ule mlango kwenye friji ya mteja, na ukiutazama kwa upande wino bado unaonekana kidogo. Wote waliokuwa wananifuata nimewaambia ukweli, mmoja mmoja. Msusi alianza kucheka, "Balozi umejifukuza mwenyewe ubalozini!" Akaniona uso, akanivutia kiti.

Nisalimie mkaza mjomba, umwambie naona aibu hata kumtaja. Wabusu mapacha. Fundi anakusalimu, anasema amesikia sana habari zako.

Salamu za mama hazimo humu, Mjomba. Nilimwomba aniambie hata neno moja niandike, akasema zake zitakuja na barua yake. Jumatatu anaiandikisha kwa msusi. Na barua zako kuanzia sasa atasomewa na msusi. Jana nikiwa uani nilimsikia akimwagiza, "Wewe unisomee kila kitu, hata ukikuta nukta uniambie ni nukta."

Mungu aziweke karatasi zako mahali ambapo mikono kama yangu haifiki.

Wako akupendaye, hata kama safari hii hutajibu,

Mpwa wako.